Supu ya Mkesha, Mama Mkwe na Basi la Usiku

Mdogo wangu wa Msamvu, Morogoro, barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka, maana katikati ya mashaka ya mama mkwe umeficha swali linaloweza kuua mtu. Nitaanza na hilo, mengine baadaye.

Kwa wasomaji ambao hawajui habari: mdogo wetu huyu ni bi harusi wa mwaka huu. Yeye na mumewe wamepanga vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, naye anakata tiketi hapo hapo kituoni. Krismasi hii mama mkwe anatoka Tukuyu kuja kuwaona kwa mara ya kwanza. Kwa akina mume, asubuhi ya Krismasi haianzi na chai. Inaanza na bakuli la supu nzito ya mifupa na ndizi, kila mwaka, tangu mume akiwa mtoto. Sasa basi la mama litamshusha Msamvu saa kumi alfajiri. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku kucha, Oktoba 2023, wageni wetu wengi wanafika tukiwa bado usingizini. Bi harusi anatoka kazini saa kumi na mbili jioni tarehe 24, anataka kwenda ibada ya mkesha, na anataka mama akifika akute supu ya moto iliyoiva mpaka nyama inaachia mfupa. Anauliza mambo matatu. Je, aache sufuria kwenye jiko la mkaa chumbani, moto mdogo uliofunikwa majivu, liive usiku kucha? Je, lile sufuria la umeme la kupikia taratibu alilotumiwa na wifi yake kutoka Marekani linafaa? Na yote yakishindikana, anunue supu kwa mama lishe wa kituoni, aimimine kwenye sufuria lake na kunyamaza?

La kwanza: hapana, hapana, na hapana ya tatu. Jiko la mkaa halilali ndani ya chumba wanacholala watu. Mkaa unapoungua kwa hewa kidogo hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukoholeshi kama moshi wa kuni. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, usingizi unakuwa mzito, na kwa wengi huo ndio usingizi wao wa mwisho. Na usidhani moto mdogo una nafuu. Ule mkaa uliofunikwa majivu, unaofukuta polepole, ndio hasa unaotoa gesi hiyo. Kuacha dirisha wazi nusu hakukuokoi. Kama unapikia mkaa, pikia barazani au uani, na ukimaliza, jiko lilale huko huko nje. Haya mambo tunayasikia kila mwaka msimu wa baridi na misiba mikubwa, tunasikitika, kisha tunaingiza jiko ndani tena.

Sasa zawadi ya wifi. Ligeuze hilo sufuria, soma maandishi chini yake. Kama lilinunuliwa dukani Marekani, karibu hakika limeandikwa volti 120. Umeme wetu wa TANESCO ni volti 230. Ukilichomeka moja kwa moja, hata kama umepata adapta ya kubadilisha plagi, waya wake wa joto utavuta nguvu karibu mara nne ya ile lililotengenezewa. Kitu cha wati 200 kinageuka cha wati zaidi ya 700. Ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika, litawaka. Adapta ya plagi haipunguzi umeme, inabadilisha umbo la meno tu. Unachohitaji ni transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati za sufuria lenyewe, na fundi aliyesoma akuchagulie. Na usijaribu ujanja wa kuchukua kile chungu cha ndani ukakiteleke juu ya mkaa. Ni cha kauri, kitapasuka na supu yako yote itazima moto.

Walioletewa na ndugu wa Muscat au Uingereza wana nafuu, maana umeme wa huko unakubaliana na wetu, hata plagi ni zile zile za meno matatu. Hao watumie. Sufuria la namna hiyo halili umeme: wati 200 kwa saa nane ni kama yuniti moja na nusu ya LUKU, hata haizidi mbili. Mtu aliyeko kwenye ile tarifu nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi hatayumba. Maji yawe machache kuliko uliyozoea, kwa sababu hayakauki. Karoti na viazi vikae chini, nyama juu, kwani humo mizizi inachelewa kuiva kuliko nyama. Nyama ya barafu usiitie kabla haijayeyuka. Na mkono wako ukae mbali na mfuniko! Kila unapofunua ili "uangalie kidogo", joto linatoka na unajiongezea dakika 20 au 30 za kusubiri.

Nikiwa hapo, neno kwa wale wa supu ya maharage mekundu. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo huuawa na maji yanayotokota kwelikweli. Joto dogo la sufuria la taratibu haliiui, linaweza hata kuikoleza. Yaloweke usiku, mwaga maji ya kulowekea, yatokose kwa nguvu dakika 10 angalau, ndipo uyaingize humo. Mwenye kuharisha sikukuu nzima asinitafute.

Nilipokuwa natafuta habari za chombo hiki, nilikutana na kisa kilichonifurahisha. Mwenye hataza yake, iliyotolewa mwaka 1940, ni Mmarekani aitwaye Irving Naxon. Alikuwa amesikia kwa mama yake habari za bibi yao kule Lithuania, Myahudi, na chakula kiitwacho cholent: nyama, maharage na nafaka kwenye chungu kimoja. Wayahudi wanaoshika Sabato hawawashi moto siku hiyo. Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, chungu kilipelekwa kwenye tanuru la muoka mikate. Moto wa tanuru ulikuwa unakufa, lakini joto lake lilikaa usiku kucha, na kesho yake chakula kikawa tayari bila mtu kugusa kuni. Kampuni nyingine ikaja kukinunua chombo cha Naxon, na mwaka 1971 kikaanza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot. Kwa hiyo hilo sufuria la wifi yako lilizaliwa na shida kama yako wewe: sikukuu inaanza asubuhi, na mpishi ana haki ya kwenda ibadani.

Wala hatuhitaji kwenda Lithuania. Waomani wanapika shuwa kwa ajili ya Idi: nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwenye majani, ikafukiwa kwenye shimo lenye makaa, siku nzima au hata mbili. Unguja na Mombasa wana bokoboko, ngano na nyama zinazopikwa kwa moto wa pole mpaka hujui ngano iko wapi na nyama iko wapi. Kila mahali penye sikukuu kuna mtu aliyewaza: nitalalaje na chungu kikaendelea kupika?

Jibu langu kwako, mdogo wangu, ni tenga.

Ndiyo, tenga, lile la mianzi linaloshusha nyanya na karoti kutoka Mgeta. Ukienda Soko Kuu la Chifu Kingalu utapata lililotumika kwa bei ya kuongea. Chagua lenye nafasi ya kuweka sufuria lako na kubakiza kama upana wa kiganja pande zote. Chini na pembeni tandika majani makavu ya mgomba, yashindilie, juu yake gunia safi, kisha blanketi kuukuu. Tayarisha mto wa sufi au nguo nzito za kufunika juu. Sponji la godoro na mifuko ya nailoni visigusane na sufuria la moto, vitayeyuka. Hiyo ndiyo mashine yako, na haina waya. Wenzetu wa Ulaya walikuwa na la kwao la sanduku na majani makavu, na lilishaonyeshwa kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1867, halafu vita mbili za dunia zilipowabana nishati wakalirudia. Kinachofanyika ni rahisi: supu iliyotokota ina joto la kutosha kumaliza kazi yenyewe, ukilizuia tu lisitoroke.

Lakini tenga lina masharti, na hapa nisikilize kwa makini kuliko kote. Sufuria lijae. Lita sita au saba zinashika joto, sufuria nusu linapoa mapema. Mfuniko ukae sawasawa. Tena usikutane nalo kwa mara ya kwanza tarehe 24. Wiki moja kabla, jaza sufuria maji matupu, yatokose, lifukie kwenye tenga jioni, lifunue alfajiri. Kama maji bado ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuzamisha kidole, tenga lako ni zima. Kama ni vuguvugu, ongeza majani na blanketi ujaribu tena. Sababu ni hii: supu ya nyama inatakiwa ibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Ikishuka chini ya hapo ikakaa masaa, hasa kwa joto la Desemba la Morogoro, vijidudu vinazaliana, na baadhi ya sumu zao haziondoki hata ukichemsha upya. Supu uliyoikuta vuguvugu alfajiri imwage, hata kama roho inauma.

Twende kwenye nyama. Usisubiri foleni ya tarehe 24 buchani. Mwambie muuza bucha wako mapema: kilo mbili za kidari na mbavu zenye mfupa, na kongoro moja lililobabuliwa, likakwanguliwa na kukatwakatwa. Unapita kuchukua ukitoka kazini, hivyo hulazi nyama mbichi kwenye joto. Kongoro ndilo linaloipa supu uzito ule wa kunata midomoni. Zile kano na ngozi zinayeyuka polepole kuwa ute. Ila nikuambie wazi, tenga peke yake haliwezi kongoro. Kongoro likae kwanza jikoni saa nzima, likitokota, ndipo nyama nyingine ifuate, nazo zitokote pamoja nusu saa zaidi. Mwenye jiko la presha la umeme atamaliza kongoro kwa chini ya saa moja na kuokoa gesi. Mimi binafsi naona supu ya presha inalainika kabla haijakolea, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Povu linalopanda mwanzoni litoe kwa upawa, lote. Ndipo utie kipande kirefu cha tangawizi kilichotwangwa, kitunguu swaumu kizima kilichotwangwa, vitunguu maji viwili, na chumvi nusu ya ile unayofikiria. Na viungo! Unaishi chini ya Uluguru, mdogo wangu, usininunulie kipakiti cha unga wa "supu masala" uliokaa dukani tangu Pasaka. Matombo na Kinole wanalima pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu, na akina mama wanazishusha mjini zikiwa nzima. Punje za pilipili manga kijiko kimoja cha chai, iliki nne, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu mbili tu. Karafuu ikizidi, supu inanuka kama dawa ya meno. Vifunge kwenye kitambaa safi uvitumbukize vizima, usivisage. Vikisagwa na kulala humo usiku kucha vinakolea mno, vinaleta uchungu.

Ratiba yako sasa. Saa kumi na mbili jioni unatoka kazini, unapita bucha. Saa moja usiku kongoro liko jikoni nje. Saa mbili nyama na viungo vinaingia. Saa mbili na nusu, sufuria likiwa limejaa na linatokota, unafunika, unalizungushia khanga, unalitia kwenye tenga na kulifukia. Humo ndani hamna moto, hamna mkaa, hamna umeme. TANESCO wakikata, wakate. Unaoga, unavaa, unakwenda ibadani, unarudi unalala kwa amani mlango umefungwa.

Saa tisa na nusu alfajiri mnaamka. Mmoja anakwenda kituoni, mwingine anafunua tenga, anawasha gesi na kuitokosa supu tena, itokote kweli, isiishie kufuka moshi tu. Hapo ndipo karoti na viazi mviringo vinaingia, kisha ndizi mbichi. Ndizi uzimenye jioni ile ile? La. Zimenye alfajiri, zitie kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Mama anatoka Tukuyu, ndizi kwake si mapambo ya supu. Mbalaga, ndizi za kwao, ndicho chakula alichokulia. Kwa hiyo zisiwe vipande vitatu vinavyoelea. Weka ndizi kumi, au zaidi, na uache moja mbili zipondeke ziifanye supu nzito. Nusu saa inatosha. Kabichi kama unataka, dakika tano za mwisho. Ndimu na pilipili vikae mezani, kila mtu ajiamulie, wengine matumbo yao hayataki tindikali baada ya safari ya usiku kucha.

Mama atakuwa amefika, ameoga maji ya moto, amekaa. Na sasa ile hofu yako: "ataionja, atakunja uso." Ulivyoandika nimeona umejiandaa kwa mtihani, na mama wa watu amekata tiketi aje kula Krismasi na mwanawe. Ndiyo sababu nimekuambia chumvi nusu. Kabla ya kupakua, mpe kijiko na umwambie, "Mama, nionjee, chumvi nimekuachia wewe." Akiongeza chumvi, supu imekuwa yake pia. Akiongeza na kitu kingine ambacho wewe hukukijua, simama karibu uangalie, maana hiyo ndiyo supu aliyokulia mumeo na hakuna gazeti litakalokufundisha. Asipoongeza kitu, basi umeshashinda, kaa ule. Usimweleze habari za tenga mpaka aulize. Ataliona tu, hao mama zetu wanaona kila kitu, na ninavyowajua wa kwao Rungwe, ataanza kukurekebishia majani ya mgomba.

Kuhusu supu ya kituoni. Siidharau hata kidogo. Wale wanawake wanakesha na masufuria yao ili abiria wa Iringa na Dodoma wapate cha moto pamoja na chapati, na kuna asubuhi nimeshukuru Mungu kwa ajili yao. Ukizidiwa, tenga likikuangusha, nenda ukanunue bila aibu. Ila ipakue ukisema imetoka wapi. Mama mkwe aliyesafiri usiku kucha akashuka Msamvu atakuwa ameshaisikia harufu ya supu hiyo mlangoni mwa basi. Unadhani hataitambua mezani kwako? Uongo wa chakula unadumu mpaka siku ya pili atakapokuambia, "Mwanangu, ile ya jana nipikie tena."

Na siku ya pili mabaki yatakuwepo. Usiyarudishe kwenye tenga na kuyasahau, tenga ni la kupikia, si kabati. Gawanya kwenye vyombo vidogo vipoe upesi, tia kwenye friji, kama huna mpelekee jirani mapema. Jirani wa Kiislamu aliyekuletea pilau la Idi anasubiri zamu yake, na hakikisha nyama uliinunua kwa mchinjaji anayemkubali.

Bado jambo moja. Barua yako ina kurasa mbili, umenitajia mama mkwe, wifi, mama lishe, TANESCO na bosi wako. Mumeo humo ndani hana kazi hata moja. Supu hiyo ni ya kwao, mama huyo ni wake, na tenga la majani ya mgomba ni zito. Kutafuta tenga, kutwanga tangawizi, kulifukia sufuria, na kusimama kituoni saa kumi alfajiri kumpokea mama yake na mizigo ya ndizi na chai ya Tukuyu: hizo zote ni zake. Ukurasa huu ukate, umwekee mezani chini ya ufunguo wa pikipiki.